Mhandisi ni Mtoto wa Nani?



Kila mwisho wa mwaka, mabasi yanapowashusha watoto wetu hapa Mtinko kwa likizo, maneno huanza. Huyu amekuja na gari lake. Yule amemjengea mama yake nyumba ya matofali ya kuchoma, na bati jipya linang'aa kutoka barabarani. Kisha hutajwa mwingine, na sauti hushuka kidogo: "Na yule injinia? Miaka yote ile chuoni, ametuletea nini?"

Anayeuliza hivyo si mtu mbaya. Huenda ndiye aliyeuza mbuzi au magunia ya alizeti ili kijana apate nauli na godoro la kwenda nalo shule. Ana haki ya kuuliza. Lakini nadhani swali lenyewe limekaa vibaya, na kwa kuwa vijana wetu, wa kiume na wa kike, wanaosomea uhandisi wanaongezeka, yafaa tulifikirie kabla hawajarudi na vyeti vyao. Mhandisi aliyefaulu ni yupi? Na kufaulu kwake ni mali ya nani?

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Mwalimu Nyerere alikuwa akisema kwamba Waingereza walipoondoka mwaka 1961 walituachia nchi yenye wahandisi 2 na madaktari 12. Wahandisi wawili, kwa nchi yenye mito kama Rufiji na Ruvuma na bonde la Wembere! Siku zile za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kijana wa Tanzania aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, kwa maana Makerere ilikuwa na udaktari na Dar es Salaam ilianza na sheria. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi. Kabla ya hapo kilikuwapo Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1957 na ambacho leo ni Taasisi ya Teknolojia, kikitoa mafundi sanifu. Hao mafundi sanifu watu huwasahau wanapohesabu wasomi, nami nitawarudia.

Nani alilipia masomo ya wale wa kwanza? Si ukoo. Yalilipiwa na pamba ya Shinyanga, kahawa ya Moshi, mkonge wa Tanga, na kodi ya watu ambao hawakuwahi kuliona lango la chuo kikuu. Mwaka 1964, alipokuwa akieleza mpango wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu alitoa mfano ambao wengi wenu mnaufahamu. Aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi, alisema, ni msaliti.

Mfano huo tumeusikia mara nyingi, lakini sidhani kwamba tumeuelewa kwa namna moja. Mtu yule akirudi na mzigo wake, autue wapi? Mlangoni kwa mama yake, au uwanjani pale ambapo kijiji chote kinangoja? Mama yake naye alitoa kibaba chake, labda kikubwa kuliko cha wengine. Walakini kilichomfikisha mbali kilikuwa chakula cha wote. Siku hizi kuna Bodi ya Mikopo, na mzazi naye hutoa sehemu yake, kwa hiyo deni la fedha lina hesabu na hukatwa katika mshahara. Lakini deni lile la kijiji chenye njaa halimo katika karatasi ya mshahara, na hapo ndipo tunapogombana.

Hebu tumtazame mhandisi mmoja ambaye jina lake linajulikana nchi nzima. Patrick Mfugale alikuwa mtu wa Iringa. Alisomea uhandisi huko Roorkee, India, na baadaye Loughborough, Uingereza. Alitumikia Wizara ya Ujenzi kwa miaka mingi katika kazi ya madaraja, kisha akaongoza Wakala wa Barabara, TANROADS, hadi alipofariki Dodoma tarehe 29 Juni 2021. Katika miaka ya utumishi wake nchi ilipata Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lenye urefu wa mita 970 hivi, lililofunguliwa mwaka 2003, na Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, lililotuunganisha na Msumbiji mwaka 2010. Barabara ya juu katika makutano ya TAZARA, Dar es Salaam, iliyofunguliwa Septemba 2018, ilipewa jina lake naye angali hai. Makutano ya Ubungo nayo yalipofunguliwa Februari 2021 yalipewa jina la Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi aliyekuwa amefariki siku chache tu kabla, naye pia alikuwa mhandisi. (Nakiri kwamba hili limenifurahisha. Tumezoea kuyapa madaraja majina ya wanasiasa.)

Sasa hesabu mwenyewe. Rufiji si Iringa. Ruvuma ile ya mpakani si Iringa. TAZARA si Iringa. Mama wa Lindi aliyekuwa akilala Ndundu kungojea kivuko, mtoto mgonjwa mgongoni, hakuwa shangazi wa mhandisi yeyote aliyeshughulikia daraja lile. Wala hakujua majina yao, na hata leo wanaopita pale wakiwa wamelala ndani ya basi hawayajui. Wanajua tu kwamba zamani ilikuwa taabu. Na baada ya miaka michache zaidi watakuwapo watu wazima ambao hata taabu hiyo hawaikumbuki. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo kikubwa cha kazi ya mhandisi: kwamba watu wamelala ndani ya basi.

Wala daraja si la mtu mmoja. Kuna aliyepima udongo, aliyekunja nondo, aliyekataa kokoto chafu, aliyelipa kodi, na mara nyingi kuna taifa rafiki lililotoa fedha. Jina moja likiandikwa kwenye kibao ni kwa sababu kibao ni kidogo.

Haya ni rahisi kuyasema juu ya Rufiji, ambayo iko mbali. Tuyalete hapa kwetu, yawe magumu. Tuseme binti wa Mtinko amehitimu vizuri, amesajiliwa, na amepangiwa kazi katika Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, katika wilaya yetu hii hii. Ana fedha za makalavati matatu, na makorongo yanayokata barabara masika ni kumi. Mjomba wake anamfuata jioni. Hamtishi, hamhongi. Anamkumbusha tu: mbuzi, karo ya shule, siku alipougua na kubebwa kwa baiskeli. Damu ni nzito kuliko maji, mwanangu.

Afanyeje? Yatupasa tukubali kwamba mjomba hasemi uongo. Vitu vyote anavyovitaja vilitokea. Lakini maji ya korongo hayaulizi ukoo. Kazi ya binti ni kuhesabu: wagonjwa wangapi wanapita pale kwenda hospitali, wanafunzi wangapi, mikokoteni mingapi ya vitunguu, na maji yanakaa siku ngapi. Korongo letu likiwa la nne katika hesabu hiyo, basi mwaka huu hatupati, na mjomba atakasirika. Akilipandisha liwe la tatu, kuna kijiji kingine ambacho hakina mjomba wilayani, na mama wa huko atajifungulia ng'ambo ya maji.

Kuna na upande mwingine ambao husahauliwa. Tuseme korongo letu kweli ndilo la kwanza katika hesabu, na binti analiruka kwa kuogopa maneno ya watu, ili asifiwe kwamba hapendelei kwao. Wengine humpongeza mtumishi wa namna hiyo. Mimi siwezi. Kumnyima jirani haki yake ili wewe uitwe mwadilifu ni upendeleo uleule, ila umevaa kanzu. Mwenye kipimo cha kweli hana budi kukifuata hata kinapomfikisha nyumbani kwake, na kuiweka hesabu yake mezani ili kila mtu aisome.

Kwa nini nalitilia mkazo jambo dogo kama kalavati? Kwa sababu nimekwisha kuona tunavyowalea vijana hawa kwa swali letu la "ametuletea nini". Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka, wakafa watu 36. Novemba 2024 jengo lingine lilianguka Kariakoo, na watu wengi wakapoteza maisha tena. Majengo hayaanguki kwa kukosa elimu ya hesabu. Nguvu ya zege inajulikana, uzito wa ghorofa unajulikana, vitabu vipo. Aghalabu kinachokosekana ni mtu wa kusema "hapana, sitatia sahihi" wakati mwenye mali ana haraka.

Na huyo anayepaswa kusema hapana, mshahara wake ni wa mwezi kwa mwezi. Nyumbani wanataka bati. Wanataka gari kama la yule mwingine. Wamemcheka mama yake. Mwenye mali anamletea bahasha, na bahasha ile ina ukubwa uleule wa nyumba ya mama. Sisemi kwamba kila mtovu wa uaminifu alifundishwa na ndugu zake; wapo wanaokula rushwa hali wamekwisha shiba. Lakini mjomba anayeuliza kwa sauti kubwa, mwaka baada ya mwaka, huyo msomi ameleta nini, naye ana mkono wake mdogo katika mfuko wa saruji uliopunguzwa.

Wenzetu wa nchi nyingine walijifunza kwa msiba vilevile. Mwaka 1907, huko Quebec nchini Kanada, daraja kubwa la chuma lilianguka kabla halijamalizika, wakafa wafanyakazi 75. Dalili zilikuwa zimeonekana, vyuma vilikuwa vimeanza kupinda, lakini kazi haikusimamishwa kwa wakati. Tangu mwaka 1925 wahandisi wahitimu wa Kanada wamekuwa na desturi ya kuahidi uaminifu na kuvaa pete nyepesi ya chuma katika kidole kidogo cha mkono wanaoandikia, ili iguse karatasi wanapochora. Wahandisi wetu nao hula kiapo mbele ya Bodi ya Usajili, na katika Siku ya Wahandisi kila mwaka wahitimu waliofanya vizuri hupewa zawadi. Ni vyema. Ila nafikiri jinsi ilivyo vigumu kumpa zawadi mtu kwa jengo ambalo halikuanguka. Aliyekataa kutia sahihi akafukuzwa kazi, ghorofa ile isijengwe, nani atampigia makofi? Hakuna kibao cha kuandika jina lake. Pengine hata kwao wanamwona ameshindwa maisha, maana alikuwa na kazi nzuri akaiacha.

Msomaji ataniuliza, basi kwao hakuna neno? Mtu akisoma awe kama hana kijiji? Hapana. Hapa nataka kumtaja mhandisi wa pili, naye ni jirani yetu. Dakta Askwar Hilonga alizaliwa Gongali, wilaya ya Karatu. Ni nchi inayofanana na yetu katika mambo mengi: jua, ng'ombe, na maji ya shida. Alikulia mahali ambapo maji ya kunywa yalikuwa yakiwapa watu maradhi. Akasoma, akafika Korea Kusini, akapata shahada ya udaktari katika elimu ya vitu vidogo mno, vile ambavyo jicho haliwezi kuviona hata kwa darubini ya kawaida. Akarudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela huko Arusha. Akatengeneza kichujio cha maji. Mchanga huchuja kwanza, kama babu zetu walivyochimba visima katika mchanga wa mto mkavu. Kisha maji hupita katika zile chembe ndogo, ambazo hunasa vijidudu na madini mabaya. Uzuri wake ni kwamba kichujio kinaweza kupangwa kulingana na ubaya wa maji ya mahali, maana maji ya Karatu si ya Kigoma. Mwaka 2015 alipata tuzo ya kwanza ya uhandisi barani Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000.

Wahandisi wenye akili kama yake wapo Ulaya na Amerika kwa maelfu. Alichokuwa nacho yeye ambacho wao hawakuwa nacho ni Gongali. Alilijua swali kabla hajajua jibu. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tunavyosema, lakini hapa naona pia kwamba mcheza kwao anajua ngoma inapigwaje. Kichujio kilichoanza kwa maji ya nyumbani kimekuwa na faida kwa watu wasio wa nyumbani, bila mtu yeyote kunyimwa zamu yake. Hiyo ni tofauti kubwa na kalavati la mjomba. Hilonga hakuipatia Gongali kitu cha watu wengine. Alichukua shida ya Gongali, akaitumia kuwasaidia na wengine.

Jambo hili linatugusa hapa kwetu. Mikoa ya Arusha, Manyara na Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo maji yake ya ardhini yana floridi nyingi mahali pengi. Ndiyo ile rangi ya kahawia kwenye meno ambayo wageni hudhani ni uvivu wa kupiga mswaki. Floridi ikizidi sana kwa miaka mingi huumiza hata mifupa. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Kwa miaka mingi maji ya vijijini Tanzania yaliruhusiwa kuwa na hadi miligramu 8, na baadaye 4. Kijana aliyetoka chuoni anaweza kukasirika akisikia hivyo. Je, watu wa vijijini wana mifupa ya chuma?

Lakini mtu aliyekulia kijijini husita kabla ya kukasirika. Anajua kwamba visima vyote vilivyozidi 1.5 vikifungwa siku moja, akina mama wengi wangerudi kwenye madimbwi wanakonywa ng'ombe, na kuhara huua mtoto kwa siku tatu, wakati floridi huchukua miaka. Kipimo cha 8 hakikuwa kizuri. Kilikuwa cha watu waliojua kwamba maji mabaya yana ndugu yake mbaya zaidi. Ni mhandisi gani utakayemwamini kukushauri katika jambo kama hilo? Mwenye alama za juu tu, au mwenye alama za juu ambaye bibi yake aliteka maji dimbwini? Mimi ningemtaka huyo wa pili. Naye hatakuwa wa pili kama tulimfundisha kwamba maana ya kusoma ni kutoka hapa asirudi ila kwa gari.

Niliahidi kuwarudia mafundi sanifu. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 kwamba kufikia mwaka 1991 kila mtu kijijini apate maji safi karibu na nyumba yake, mita 400 tu. Visima vingi vilichimbwa, mashine zikafungwa. Mwaka 1991 ukafika na kupita, na watu wengi bado walikuwa na ndoo vichwani mwendo mrefu. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ni kwamba mashine ilipokufa hapakuwa na spea, hapakuwa na dizeli, hapakuwa na mtu wa kuiangalia. Mhandisi aliyechora alikuwa amekwisha pata sifa yake na kuhamia mkoa mwingine. Fundi wa bomba, mwenye spana yake moja na baiskeli, anayeziba uvujaji saa 11 alfajiri kabla foleni haijaanza, sijaona tuzo yake mahali popote. Hata kichujio cha Hilonga hakijisafishi chenyewe. Vitu vya ndani vinachoka, vinahitaji kubadilishwa, na fedha ya kuvibadilisha hutoka kwa wanaokunywa.

Kwa hiyo kama mmoja wa wahitimu wetu atakuja na chupa zake za kupimia, akatuambia kisima fulani hapa kwetu kina miligramu 5, atakuwa ametuletea kitu, hata kama hakuja na bati. Naye asitupunguzie hesabu ili tumpende. Yaliyobaki hayako katika elimu yake. Meno huharibika yanapojengeka, yaani katika miaka ya utotoni, kwa hiyo watoto wadogo ndio wa kulindwa kwanza. Je, watu wazima tuendelee na kisima kile, na watoto watafutiwe maji ya mvua au ya mbali? Nani atabeba ndoo ya watoto, na kwa zamu ipi? Mjane asiye na mtu wa kumtuma atahesabiwaje? Hayo itabidi tuyaamue wenyewe kikaoni, na kikao cha namna hiyo bado hatujakiitisha.